Kamba Zinahesabika

Walimu vijana wa shule niliyostaafia waliniomba niwaandikie machache kuhusu kuwasaidia watoto wa msingi kufanya hesabu ngumu. Waliomba kurasa mbili. Mtu aliyefanya kazi kama niliyoifanya mimi hawezi kuingia katika kurasa mbili, kwa hiyo someni polepole. Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo nilivyopata nilivistahili, na mshahara sote tunaujua.

Mimi ni mtu wa Kianjokoma. Shamba la baba lilikuwa dogo kiasi kwamba jirani akipiga chafya ni sisi tuliosema pole. Karo ya chuo niliitafuta mwenyewe kwa kuchuma chai ya watu, na hakuna mjomba aliyenipigia mtu simu. Cheti cha ualimu nilikipata nikiwa kijana. Diploma niliisomea wakati wa likizo, wenzangu wakiwa nyumbani wakinenepa. Nimeitundika sebuleni, ukutani mkabala na mlango, ili mgeni asihangaike kuuliza.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa karibu na Maua, katika nchi ya miraa, ile mirungi ya kutafuna inayotakiwa sokoni ikiwa mbichi. Kimeru cha kule si Kiembu cha kwetu, na asubuhi ya kwanza darasa la sita lilinisalimu kwa maneno ambayo nusu yake niliyakisia. Nilikuwa nimefunga tai na nimeandaa somo la mwendo, umbali na muda. Niliandika ubaoni kwamba gari limeondoka Maua kuelekea Nairobi kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, na kwamba gari la pili limelifuata baadaye kwa mwendo mkubwa zaidi. Litalipata la kwanza wapi? Swali lilikuwa kwa Kiingereza, kama mitihani yetu inavyotaka. Watoto walilifikiria kwa Kimeru na mimi nikawaeleza kwa Kiswahili. Mtoto akipata jibu sahihi baada ya safari kama hiyo, mpe maji ya kunywa.

Hakuna aliyepata. Cha ajabu ni kwamba kila mmoja alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na hesabu safi nyuma yake. Nilimsimamisha msichana mmoja wa dawati la mbele anieleze. Yeye akaniuliza kwanza gari la mbele lilikuwa limebeba nini. Nikamwambia haijalishi.

"Kama ni miraa, huyo dereva hafiki na kitu, Mwalimu," alisema. "Sitini? Itakauka njiani."

Darasa lilikubaliana naye. Ikaonekana kwamba walikuwa wameuondoa mwendo wangu na kuweka mwingine, kila mtoto kwa kadiri ya mjomba wake anayeendesha pikapu alfajiri. Wenye wajomba waoga walipata jibu lililokaribia langu.

Darasa lililopakana na langu lilikuwa la Mwalimu Kanana, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, kwa hiyo alikuwa amesikia kipindi chote. Hakuwa na diploma, jambo ambalo sikumkumbusha mara nyingi. Wakati wa chai alinikalia karibu.

"Njeru," alisema, "umewauliza habari za dereva ambaye hapa Maua hayupo. Wamekusaidia kuajiri mwingine, na hata asante hujasema."

Kutoka kwake nilipata chombo changu cha kwanza cha kazi, nacho ni kitambaa chenye maji. Mwalimu Kanana aliandika swali lote ubaoni, kisha akapita na kitambaa na kufuta nambari zote, akiacha mapengo. Halafu akawauliza watoto nini kimetokea. Nani ameondoka, nani amebaki, nani mwishoni ana kingi kuliko mwanzo? Watoto walisimulia kama habari za sokoni. Walipokwisha kukubaliana juu ya kisa, na juu ya dereva ni mtu wa namna gani, ndipo aliporudisha nambari. Alisema nambari ni wageni, nao hukaribishwa watu wa nyumba wakishaketi. Nimetumia kitambaa hicho maisha yangu yote ya kazi. Siku hizi mna vishikwambi, navyo ni vizuri, ila sijaona mtoto akifuta nambari kwa kishikwambi akaelewa zaidi.

Baadaye niliondoka. Nilikwenda Juba kufundisha katika shule ya watoto wa wafanyabiashara, na huko niliheshimiwa sana. Nilirudi na seti ya mbao ya kuchorea ubaoni: rula, pembetatu mbili, na kompasi ndefu kama mkono, ambayo askari wa mpakani waliishika kwa tahadhari wakaniuliza ni ya nani na imewahi kumuumiza nani. Nilipofika nyumbani nilijenga nyumba ya mawe. Wale waliokuwa wakisema Njeru amepotea walikuja kunipongeza, nami niliwapa chai ya maziwa na kuwakalisha upande ule unaotazama diploma.

Kisha nikapelekwa Kiambere, chini katika nchi ya Mbeere. Kwetu juu watu hulitaja jina hilo wakitikisa kichwa, kwa sababu ya joto. Mimi niliikubali kazi hiyo kwa kuwa hesabu ngumu ziko kila mahali, na pia kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Shule yenyewe ilikuwa juu ya mwinuko. Kutoka darasani uliona maji ya bwawa kwa mbali na nyaya nene za umeme zikienda zao. Chini ya madirisha kulikuwa na mashamba ya ndengu, mawe na mbuzi. Wazazi walikuwa wafugaji na wakulima wadogo, watu wa kanisani, wa maneno machache. Nilipewa hesabu za darasa la nane, wakati ule darasa la nane bado likiwapo, na mtihani wa mwisho wa msingi ukiwa ndio mlango wa sekondari.

Wiki ya kwanza niliwapa jaribio ili niwajue. Nililisahihisha jioni kwenye meza ya chumba cha walimu, na hapo ndipo inapoonekana kazi ya macho ya mtu aliyesoma. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameandika neno uzembe juu ya karatasi nyingi zilizobaki kabatini. Mimi niliona kitu kingine. Katika maswali ya mikate, maembe, ekari na lita, watoto walikuwa wazuri. Katika maswali ya mbuzi, karibu wote walikosa, na walikosa kwa moja. Jibu likiwa sabini na mbili, huyu ameandika sabini na moja na yule sabini na tatu. Niliporudi kwenye karatasi za zamani za kabatini nikakuta ni vilevile. Ng'ombe, kwa moja. Watoto wa familia fulani, kwa moja. Mifuko ya simenti, sawasawa kabisa.

Nilikaa nikiitazama ile sabini na moja. Kisha nikamkumbuka mama yangu. Watu wa sensa walipokuja kwetu nilipokuwa mdogo wakamuuliza ana watoto wangapi, aliwaambia, "Si hao hapo, waulizeni wenyewe," akaendelea kupepeta maharagwe. Kwetu kiumbe chenye pumzi hakihesabiwi. Ukikihesabu, umekinyoshea kidole ili kifo kikione. Nilikuwa nimekaa mbali na nyumbani hadi nikasahau kwamba nalijua hilo.

Kwa hiyo watoto wale hawakuwa wakikosa. Walikuwa wakipata jibu, kisha wanasogea hatua moja pembeni ili mbuzi wawe salama. Mtu wa mjini atasema hao ni mbuzi wa karatasi. Lakini mtoto anayechunga hasomi neno mbuzi bila kumwona mmoja mwenye rangi na jina. Tena nawaomba mtafakari hili: ili ukosee kwa moja kila mara, lazima kwanza upate jibu sahihi. Nilikuwa na darasa la mafundi, na kabati zima lilikuwa linawaita wazembe. Nilimweleza mwalimu mkuu ugunduzi wangu. Yeye ni mzaliwa wa huko. Alisema, "Bwana Njeru, hiyo tulikuwa tunajua," na sikuipenda sauti yake.

Karatasi moja tu haikuwa na kosa la moja. Ilikuwa ya msichana aliyeitwa Igoki. Kazi yake ilikuwa nadhifu kuliko ya wengine wote, mistari imepangwa, sehemu zimepunguzwa vizuri, na mwishoni, mahali pa jibu, palikuwa peupe. Peupe kwenye mbuzi, peupe kwenye mikate, peupe kwenye simenti. Aliifikisha kila hesabu mlangoni akaiacha hapo.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa kisa chake. Mwaka uliotangulia, mwalimu kijana aliyetoka mbali aliwatuma watoto wote wa darasa nyumbani wakahesabu mifugo yao, walete idadi, wachore grafu. Wengine walileta uongo mzuri. Igoki, ambaye hajui kudanganya kwenye hesabu, alisimama zizini kwa nyanya yake akawahesabu mbuzi mmoja mmoja kwa kidole. Kabla ya mwezi kwisha ugonjwa wa mapafu ulipita Kiambere, na zizi la nyanya yake likabaki karibu tupu. Nyanya huyo ndiye aliyemlea, na mbuzi ndio waliokuwa wakimsomesha. Hakuna aliyemchapa msichana wala kumkaripia. Ila tangu siku hiyo hakutamka tena nambari wala kuiandika mwisho wa swali. Na mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa mbele yake mwaka ule niliofika. Karatasi ya jibu tupu haina alama, hata kazi ikiwa nzuri namna gani.

Nilijiona nimepata kazi ya saizi yangu. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la akili sana. Mtihani wetu ulikuwa wa kuchagua, kila swali na majibu manne, A mpaka D, na mtoto hupaka rangi penye herufi. Nilimwita Igoki pembeni nikamweleza kwamba hatakiwi kutaja nambari yoyote. Herufi tu. Alilitazama swali la mbuzi, akafanya kazi yake pembeni, akafika mwisho, akaweka penseli chini.

"Ni ipi?" nikamuuliza.

"Naijua, Mwalimu."

"Basi paka rangi."

"Siwezi. Hiyo B ina mbuzi ndani."

Nilimwambia aende akacheze.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao. Nilivaa koti, kwa sababu mtu huvaa koti anapokwenda kwa wakwe na anapokwenda kutetea mwanafunzi. Nyanya yake, ambaye kila mtu alimwita Cucu kama tunavyowaita nyanya zetu, alikuwa ameketi kwenye kigoda akisokota kamba ya katani kwenye paja. Hakusimama. Igoki alinipa kiti na uji wa wimbi, akaenda kukaa karibu na ua wa miiba ambako angesikia kila kitu.

Nilianza kwa kujitambulisha, pamoja na diploma. Cucu aliniuliza kama diploma huzuia joto, kwani koti lile lilikuwa linamtia wasiwasi. Nilivua koti. Nikamweleza kwa upole kwamba mbuzi waliuawa na ugonjwa, kwamba ugonjwa haujui kuhesabu, na kwamba hata kwa majirani, ambako Igoki hakukanyaga, mbuzi walikufa vilevile.

"Kwa majirani kuna watoto?" aliuliza.

"Wapo."

"Wanasoma wapi?"

Nilikuwa nimeshaona anakokwenda.

"Darasa lote lilitumwa, Mwalimu," alisema. "Na shule ile iko na watoto wa Kiambere nzima."

Nimebishana na wakaguzi wa elimu na nikawashinda. Hoja ile sikuwa na pa kuishika. Nikabadilisha njia. Nikamwambia kwamba mimi pia ni mtu wa huku, nimezaliwa Kianjokoma, siyo mgeni wa mambo haya, ila dunia imesogea, na mtu msomi anaweza kuhesabu chochote bila madhara. Cucu aliacha kusokota.

"Sawa, mtu wa juu. Wewe una watoto wangapi?"

Lilikuwa swali jepesi. Ni idadi ambayo mwanafunzi wa chekechea angeimudu kwa mkono mmoja na nafasi ikabaki. Nilifungua kinywa. Niliwaona watoto wangu kwa sura, yule mkubwa kule Nakuru na hao wengine, na ulimi haukusogea. Uji ulipoa mkononi.

"Wapo," nikasema mwishowe. "Ni hao Mungu alionipa."

Cucu alicheka mpaka akashika mbavu. Alimwita Igoki asogee, amwone mwalimu wa diploma. "Na huyu naye ndiye amekuja kukufundisha kuhesabu," alimwambia. "Mwenyewe ameshindwa na wa kwake." Igoki hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kunitazama darasani, kama mtu aliyemkuta jirani yake katika nchi ya mbali.

Wengine wangeaga wakaenda. Mimi nilibaki kwenye kiti kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Juu ya ua wa miiba palikuwa pametundikwa kamba. Kiambere mbuzi hufungwa wakati wa ndengu ili asile shamba la mtu, na kila mbuzi ana kamba yake. Chache zilikuwa laini na zenye udongo mbichi. Nyingine, nyingi, zilitundikwa kando, kavu, zimeingia vumbi. Sikuhitaji kuambiwa za akina nani.

"Cucu," nikamuuliza, "kamba ngapi hizo?"

Aliinuka bila wasiwasi wowote, akapita uani akizigusa moja moja na kuzihesabu kwa Kimbeere kwa sauti, zile mbichi na zile kavu, kama anavyohesabu mtu vyombo vyake. Alifika mwisho akanipa jumla. Kamba ni kamba, alisema, haina pumzi.

Igoki alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa kwenye zile kavu.

"Hata hizi?" aliuliza.

"Hata hizo."

"Mimi nikizihesabu?"

Cucu akazivua zile kamba kavu zote kutoka uani akamwekea mikononi, mzigo mzima. "Hesabu," alisema. "Kwa hizi hakuna kitakachokufa."

Alihesabu. Alianza kwa sauti ya chini sana, mpaka ikabidi nijikaze nisisogee ili nisikie. Katikati alisimama, akaendelea. Alipoitaja ya mwisho, Cucu alisema ndiyo, ni hizo, akarudi kwenye kigoda chake akachukua katani. Nilivaa koti langu, na Cucu akaniambia nizichukue zile kamba nikafundishie, mbuzi wengine akiwapata atasokota mpya.

Jumatatu niliingia darasa la nane na bega limejaa kamba. Nawaandikia jinsi nilivyofanya kwa sababu ni njia nzuri na sijaiona katika kitabu chochote. Niliandika swali ubaoni: mfugaji aliuza theluthi moja ya mbuzi wake, akampa mwanawe robo ya waliobaki, akabakiwa na mbuzi thelathini na sita. Mwanzoni alikuwa na wangapi? Nikapita na kitambaa cha Mwalimu Kanana nikafuta nambari. Kisha nikafuta pia neno mbuzi, kila lilipokuwa, na juu yake nikaandika kamba. Darasa lilipumua. Sitii chumvi, nilisikia.

Nilimpa Igoki kamba ndefu ashike ncha moja, mwenzake ncha ya pili. Hii ndiyo mali yote ya mfugaji, nikasema. Waliikunja mafungu matatu sawa na kutia alama ya chaki kwenye mikunjo. Fungu moja wakalikunja nyuma, limeuzwa. Yalibaki mafungu mawili. Hayo wakayakunja yote pamoja vipande vinne sawa, wakaondoa kipande kimoja, cha mwanawe. Kilichobaki wakakinyosha sakafuni kando ya kamba nyingine yenye urefu wa ile ya mwanzo. Watoto waliokuwa wakihangaika na sehemu juu ya sehemu waliinama kutazama. Igoki ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi:

"Ni nusu. Basi ni sabini na mbili."

Hakuna aliyesema sabini na moja. Wala sabini na tatu. Nilitoka nje kidogo kuangalia kama mvua inakuja. Kiambere, mwezi ule, mvua haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Tangu siku hiyo tulikuwa na kanuni. Karatasi ya mtihani hairuhusu kufutwa kwa kitambaa, kwa hiyo niliwafundisha kuweka kidole juu ya neno mbuzi na kusema moyoni kamba. Ng'ombe ana kamba. Punda ana kamba. Watoto katika swali wana viatu, na viatu vinahesabika, ukikumbuka kugawanya kwa mbili. Mwalimu mmoja mwenzangu aliniuliza kama sasa nafundisha hesabu au uchawi. Nikamwambia asubiri matokeo, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo.

Siku ya mtihani mwalimu wa somo haruhusiwi kusogea karibu na chumba. Nilikaa upande wa pili wa uwanja nikichonga penseli ambazo hazikuwa za mtu. Watoto walipotoka, Igoki alikuja moja kwa moja kwangu. Uso wake haukuniambia kitu, kama kawaida yake.

"Hawakuweka mbuzi, Mwalimu," alisema.

"Waliweka nini?"

"Kuku."

Kila mnyama nilikuwa nimemtafutia njia. Kuku sikuwa nimemfikiria. Kuku hutembea atakavyo, hana kamba, na mayai hayakuwa kwenye swali.

"Kuku hafungwi kamba, Igoki."

"Najua," alisema. "Nikawafunga."

Alikuwa amechora kando ya karatasi kuku wadogo, kila mmoja na kamba mguuni, akazihesabu kamba, akapaka rangi. Nilimuuliza herufi gani. Alinitajia, na nambari iliyokuwa ndani yake pia.

Matokeo yalipotoka alipata nafasi katika shule ya sekondari ya bweni, na Cucu aliuza ndengu. Nilisaidia panapostahili, sitaeleza. Leo Igoki ni afisa wa mifugo. Huzunguka Mbeere nzima akichanja mbuzi, na wazee wanaomkatalia kila afisa idadi ya wanyama wao humpa yeye bila shida, kwa sababu haulizi wanyama. Huuliza kamba. Wakubwa wake ofisini hushangaa takwimu zake zinatoka wapi. Mimi sishangai.

Sherehe ya kuniaga mliiona, mlikuwapo. Wale ambao hamkuwapo mjue ilikuwa kubwa. Igoki alikuja na Cucu, ambaye sasa anatembea na fimbo, wakaketishwa mbele karibu na keki. Naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa na kipaza sauti na hataki kukiachia, alinisimamisha akawaambia watu kwamba Mwalimu Njeru, mtu anayependa nambari kuliko chakula, sasa atuambie katika kazi yake yote amefundisha watoto wangapi. Lilikuwa swali la kunipendeza. Nilikuwa nimeipiga hesabu hiyo wiki nzima, shule kwa shule, kuanzia Maua, na jumla yake ilikuwa ya kupigiwa makofi. Nilikuwa nayo mfukoni.

Nilishika kipaza sauti. Mbele yangu walikuwa wameketi baadhi yao, wengine na watoto mgongoni. Cucu alikuwa ameinua uso, ananisubiri, na najua alichokuwa akikisubiri.

"Wapo," nikasema.

Naibu alidhani sikusikia, akarudia. Nikamwambia kama anataka hesabu, ninaweza kumtajia pakiti za chaki nilizomaliza, na nikamtajia. Watu walipiga makofi kwa ajili ya chaki. Cucu aligonga fimbo chini mara moja, na Igoki akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Siku ile nilipewa zawadi nyingi, kama ilivyostahili: blanketi, toroli, saa ya ukutani, na mbuzi. Saa nimeitundika chini kidogo ya diploma. Toroli limepata kazi. Majirani wa Kianjokoma hupita wakachungulia zizini na kuniuliza, kwa kunichokoza, kama wamefika wangapi sasa. Wanaendelea vizuri, asanteni. Kamba ni nne.